Aliulizwa Lini? Maneno ya Kumuaga Mwalimu Mfaume, Mwandishi wa Chole

Bwana Mkubwa wa Boma. Sheikh Kadhi wetu. Majumbe mliovuka maji kutoka kisiwa kikubwa, na hasa jumbe wa Kanga ambaye amevuka akiwa na homa. Wenye mashamba, manahodha, mafundi na walimu wa vyuo vya Kurani. Mabibi mlioketi upande wa kivuli. Na ninyi mliosimama kwa kuwa mikeka imekwisha: assalamu alaikum. Wazee wangu, shikamooni.

Mimi ni Mbarouk bin Ghalib, mwenye shamba la minazi upande wa Kilindoni, ambalo lilikuwa la marehemu baba yangu. Sheikh Kadhi aliponiletea habari kwamba leo, katika kumuaga Mwalimu Mfaume, msemaji ni mimi, nilimrudisha mjumbe kwa heshima, nikimwambia amekosea nyumba. Mjumbe akarudi na jibu kwamba hakukosea, Mwalimu mwenyewe ndiye aliyenitaja. Nikauliza, kwa nini mimi, na wapo hapa Chole wanaompenda Mwalimu kuliko mimi, na wapo wanaosema vizuri kuliko mimi? Nikaletewa maneno yake kama alivyoyatamka: "Yeye alikuwako." Basi, waheshimiwa, sikuletwa hapa na ufasaha. Nimesimama kwa sababu nilikuwako.

Mwalimu Mfaume ameandika katika boma hili miaka ishirini na miwili. Alipoanza, chokaa ya kuta hizi ilikuwa haijakauka. Alianza kwa herufi za Kiarabu, na boma lilipotaka herufi za Kizungu alijifunza hizo nazo, akiwa na mvi tayari, kwa kusoma maandishi yaliyopigwa chapa kwenye masanduku ya bidhaa pwani. Ndoa zenu nyingi ameziandika yeye. Wasia za baba zenu ameziandika yeye. Sasa macho yamechoka, na anakwenda kukaa Kanga, kwa ndugu za mama yake. Angekuwa mwandishi mwingine yeyote, habari zake zingeishia hapo, nasi tungekula pilau tukaenda zetu.

Lakini Mwalimu alikuwa na tabia moja ambayo kila mmoja wetu, kwa siku yake, imemuudhi. Haandiki kabla ya kuuliza. Mtu mmoja, ambaye simtaji kwa kuwa namwona, aliwahi kumjia akitaka aandikiwe kwamba nduguye amemuuzia ng'ombe. Mwalimu akauliza, nduguyo yuko wapi? Amesafiri. Amekubali kuuza? Mtu akasema, "Angelikuwapo, angelikubali." Mwalimu akachovya kalamu, akaitazama, akaiweka chini. Akasema, "Na mimi, angelikuwapo, ningeliandika."

Mnacheka. Mwenye kutaka ng'ombe hakucheka siku ile.

Sasa nitaeleza habari mbili, na ya pili imetoka ndani ya ya kwanza. Habari hizi zinamgusa bwana aliyekuwa bomani kabla ya huyu wa sasa, na kwa hiyo nilikwenda kumwomba Bwana Mkubwa ruhusa ya kuzisema. Alinisikiliza, akasema niseme. Zinamgusa pia Bi Kijakazi, ambaye ameketi pale, safu ya pili. Nilimtuma mtu Kanga kumuuliza kama anaridhia atajwe. Jibu lake lilikuwa fupi: "Aseme kweli tu."

Miaka mitano iliyopita, bwana wa wakati ule alitaka ikatwe barabara ya kwenda Kanga. Hakuwa mtu mkali. Alikuwa mtu aliyesoma, na mtu aliyesoma hatosheki kuwaamuru watu. Hutaka pia wajue kwa nini wanaamrishwa. Akaita baraza, mahali hapa hapa, akasimama na kitabu mkononi, akatueleza asili ya serikali.

Zamani za kale, alisema, hapakuwa na mtawala. Kila mtu aliishi peke yake, na kila mtu alikuwa adui wa kila mtu. Mwenye nguvu alimpora mnyonge, na mnyonge alimvizia mwenye nguvu akilala. Watu wakachoka. Wakakutana, wakafanya mkataba, kila mmoja atoe uhuru wake amkabidhi mtawala, na mtawala awalinde wote. Kwa hiyo, alisema, msidhani kwamba serikali imewashika kwa nguvu. Ninyi wenyewe mmeikubali, na barabara hii mtaikata kwa mapenzi yenu.

Tulinyamaza, maana si jambo dogo mtu kuelezwa mapenzi yake na mgeni.

Kisha akasimama jumbe wa Kanga, Mzee Shaabani, huyu huyu mnayemwona na homa yake. Akasema, "Bwana, mkutano huo ulikuwa wapi? Kanga hatukuletewa habari."

Bwana akasema, "Haukuwa mkutano wa kuonekana kwa macho. Ni jambo la akili. Ni kana kwamba watu walikutana."

"Kana kwamba na sisi tulikuwamo."

"Ndiyo. Na anayekaa katika nchi, akanywa maji yake na kupita njia zake kwa usalama, amekwisha kukubali, hata kama hakutamka neno."

Mzee Shaabani akafikiri. Akasema, "Na barabara, Bwana, tutaikata kweli, au kana kwamba?"

"Mtaikata kweli."

"Nilitaka kujua tu," akasema Mzee Shaabani, akaketi.

Ndipo ikasikika sauti upande wa wanawake. Ilikuwa ya Bi Mwanaharusi, mkunga, ambaye karibu nusu yenu aliwaona kabla ya baba zenu kuwaona. Akasema, "Bwana, mimi napokea watoto kisiwani hapa tangu boma halijajengwa. Sijampokea hata mmoja aliyetoka peke yake, rungu mkononi, adui wa watu wote. Wote hutoka wamefungwa kwa mama zao, na anayekata ni mimi. Hao waliokuwa wakikaa peke yao, nani aliwanyonyesha hata wakafika umri wa kugombana?"

Bwana akafungua kitabu, akakifunga, akasema kitabu hakikueleza hilo.

Waheshimiwa, kwa siku nyingi nililichukua neno la Bi Mwanaharusi kama mzaha wa mwanamke mzima. Sasa naliona vingine. Kitabu kile kilianza na watu wazima, wanaume, wenye nguvu za kupigana na akili za kupatana, kana kwamba dunia ilianza asubuhi ile. Lakini ni nani kati yetu aliyepatana na mama yake kabla ya kunyonya? Ni nani aliyetia kidole kwamba atamzika baba yake? Yaliyo mazito kabisa katika maisha yetu tumeyakuta, hatukuyatia saini. Na yule anayesema kila wajibu umetokana na mapatano, huenda ni mtu aliyesahau nani alimwosha.

Baraza likaisha. Bwana hakutaka maneno yabaki hewani, basi akamwita Mwalimu Mfaume, akamwambia aandike hati ya mkataba baina ya watu wa Mafia na serikali, majumbe watie vidole, ili jambo la akili liwe jambo la karatasi. Majumbe waliambiwa wangoje. Na baba yangu na mimi tulikuwa barazani kwa shauri letu la mpaka, kwa hiyo tulisikia kila neno.

Mwalimu akauliza, "Wanaopatana ni nani?"

"Watu wa Mafia na serikali."

"Hawa waliopo, au pamoja na waliokufa na watakaozaliwa?"

"Wote."

"Waliokufa sina njia ya kuwapata, na watakaozaliwa sina majina yao. Nani amewasemea?"

"Endelea," akasema Bwana.

"Watu wanatoa nini?"

"Utii."

"Wanapata nini?"

"Ulinzi."

"Na akiwadhulumu yule yule anayewalinda, wakamshitaki wapi?"

Bwana akasema, "Hapa bomani."

Mwalimu akaandika. Kisha akauliza, "Na wakikataa?"

"Hawawezi kukataa."

Hapo Mwalimu akaweka kalamu chini. Akasema kwa upole, kama mtu anayemwonyesha mgeni njia, "Bwana, mimi nimeandika mikataba ya kuoa, ya kuuza na ya kukodi. Katika yote hiyo, asiyeweza kusema sitaki, neno lake nataka halina uzito. Hili ulilonieleza lina jina, lakini jina lake si mkataba."

"Jina lake nini?"

"Amri. Na amri pia naandika. Tena amri ina nafuu: haihitaji vidole vya watu, na wazee hawa wanaweza kwenda kula."

Ikaandikwa amri. Ni amri nzuri, mistari minne, imo bomani hadi leo. Chini yake kuna orodha ya watu wa kwanza kukata barabara, na jina la kwanza katika orodha ni Mfaume bin Jumanne. Alisomewa na Bwana, akaliandika kwa mkono wake mwenyewe, herufi zote zimenyooka.

Alikata barabara siku kumi na moja. Mimi nilipita na punda wangu siku moja, nikamkuta na jembe, jasho linamtoka, nikamwambia, kwa dhihaka, Mungu anisamehe, "Mwalimu, umeona faida ya maswali?"

Akaegemea jembe. Akasema, "Bwana yule mimi namheshimu. Anayewaambia watu mmekubali, anaona haya kuwaambia nimewashinda. Na mwenye haya unaweza kuzungumza naye."

Siku ya kumi na mbili alirudishwa kalamuni, kwa kuwa barua zilikuwa zimerundikana na jembe halijui kusoma.

Hiyo ndiyo habari ya kwanza. Watu wengi siku ile waliondoka barazani wakicheka. Baba yangu hakucheka. Alikuwa anafikiri.

Bi Kijakazi alizaliwa shambani kwetu, mtumwa, mzalia wa nyumba. Alikuwa mkubwa kwangu kwa miaka kumi. Alikuwa na binti mmoja, Mize. Baba alipougua homa akapona, alimwacha huru Mize, angali mtoto, kwa kumshukuru Mungu. Mama yake, baba hakumwacha huru. Homa haikuwa kali kiasi hicho. Mize alipokua akaolewa Kanga na Ussi, mvuvi, na ilipofika mimba yake ya kwanza, Kijakazi aliomba siku saba za kwenda kumtazama. Alipewa. Siku saba zikapita, zikapita arobaini. Baba akatuma mtu. Mtu akarudi peke yake. Baba akapeleka shauri bomani.

Sheria ya wakati ule, kama mnavyokumbuka, haikuwa imeufuta utumwa. Ilikuwa imeupunguza. Bwana alikuwa na uwezo wa kumwacha Kijakazi Kanga, au kumrudisha kwetu, kama atakavyoona haki. Na mwanzoni ilionekana wazi anaona haki upande gani, maana alimwambia baba, "Huyu mwanamke hataki kurudi. Kwa nini usimwache?"

Baba akasimama. Alikuwa msemaji mzuri kuliko mwanawe. Akasema, "Bwana, mimi nilikuwa barazani siku uliyotufundisha. Ulisema anayekaa mahali, akanywa maji ya mahali pale na kulala kwa usalama, amekwisha kukubali hata kama hakutamka neno. Mwanamke huyu amekaa chini ya dari yangu miaka arobaini. Amekunywa kisima changu. Hakuna aliyemgusa, kwa sababu ni wa nyumba yangu. Kama kukaa ni kukubali, amenikubali mimi. Na kama kukaa si kukubali, basi, Bwana, nami nataka kujua, mimi niliikubali serikali yako siku gani?"

Nimehudhuria mashauri mengi, lakini sijapata kuona uso wa hakimu kama ule. Alikuwa mtu mwenye haki, na alikuwa mtu mwenye kitabu, na baba yangu alikuwa amevifunga viwili hivyo kamba moja.

Mwalimu Mfaume, aliyekuwa akiandika, akaomba ruhusa ya kuuliza neno. Akamgeukia baba. "Sheikh Ghalib, aliulizwa lini?"

"Kuulizwa nini?"

"Kama anaridhia."

Baba akatabasamu. "Mwalimu, wewe unajua sheria kuliko mimi. Hata mwanamwali, akiposwa, kimya chake ndicho kibali chake."

"Akiulizwa," akasema Mwalimu. "Baba yake huingia, humwambia fulani anakuposa, unasemaje? Hapo ndipo akinyamaza tunasema amekubali. Kimya ni jibu, na jibu hutanguliwa na swali. Asiyeulizwa akinyamaza, amenyamaza tu. Hata samaki amenyamaza ndani ya mtego wa dema."

Kisha akamgeukia Kijakazi. "Bi Kijakazi, uliwahi kuulizwa?"

"Niliulizwa kama wali umeiva," akasema Kijakazi.

Watu wakacheka. Yeye hakucheka.

Bwana sasa akamwuliza mwenyewe, na nadhani alikuwa anatafuta mlango wa kutokea. "Wewe mwanamke, katika miaka hiyo yote, uliwahi kusema kwamba hutaki? Mara moja tu?" Maana hata kwa kitabu chake, aliyekataa kwa ulimi hawezi kuhesabiwa kuwa amekubali kwa kukaa.

"Nilisema," akasema Kijakazi.

"Ulimwambia nani?"

Akaninyooshea mkono. "Huyo."

Waheshimiwa, hapa ndipo nilipokuwako.

Nilipokuwa na umri wa kuota ndevu, Kijakazi alitoroka. Alimchukua Mize, wa miaka mitano, akaenda naye Ras Kisimani, akajificha katika magofu ya mji wa kale, mahali ambapo watu wetu wanaogopa kwenda kwa sababu ya majini. Baba alinituma mimi na wanaume wawili. Hao wawili walibaki mbali, kwa hofu. Mimi niliingia, kwa kiburi. Nikamkuta ameketi nyuma ya ukuta wa msikiti, mtoto amemlalia mapajani. Hakukimbia. Alinitazama, akasema, "Mbarouk, mimi sitaki. Sitaki kurudi. Waambie hukuniona." Nikatoka, nikawaita wale wawili, nikawaambia yumo ndani.

Basi Bwana akaniuliza, mbele ya watu, baada ya kuniapisha, "Ulimsikia akisema hataki?"

Baba yangu hakunitazama. Hakuwa na haja. Shamba lile lilikuwa lake, na baada yake lingekuwa langu, na mimi nililijua hilo kuliko nilivyojua jina langu.

Nikasema, "Sikumsikia."

Sitasema kwamba niliogopa, maana hakuna aliyenitisha. Sitasema kwamba nilisahau. Nilisema uongo kwa sauti ya kawaida, Bwana akashusha pumzi, kwa kuwa sasa kitabu chake kilikuwa salama, na Kijakazi akashusha mkono.

Bwana akatoa hukumu. Akamwambia Mwalimu aandike: kwa kuwa amekaa miaka arobaini, na hakuna ushahidi kwamba alikataa, mwanamke Kijakazi ameridhia kuwa katika nyumba ya Ghalib. Mwalimu akaandika, kisha akasoma kwa sauti, kama ilivyo desturi. Alipofika mwisho akasoma: "Mwanamke Kijakazi amerudishwa katika nyumba ya Ghalib."

Bwana akasema, "Nimesema ameridhia."

"Nimesikia, Bwana," akasema Mwalimu. "Sikumwona akiridhia."

Ilikuwa adhuhuri, jua kali, na mashauri mengine yanangoja. Bwana akaitazama karatasi, akamtazama Mwalimu, akatia sahihi. Nadhani aliona neno moja si kitu cha kuandikia karatasi upya.

Tukavuka maji hadi Utende, kisiwa kikubwa, tukashika njia ya shambani. Baba alitangulia kwa punda. Kijakazi alikwenda kwa miguu, na mimi nyuma yake. Mjukuu wake alikuwa na siku tisa. Kisha, bila kugeuka, akaniuliza, "Mbarouk, umesahau Kisimani?"

Nikasema, "Sikusahau."

Akasema, "Basi." Akaendelea kutembea.

Mwaka uliofuata baba alifariki, Mungu amrehemu. Shamba likawa langu, na Kijakazi akawa wangu. Siku ile ya matanga nilikuwa na uwezo wa kumwacha huru kwa neno moja, na isingenipunguzia chochote. Sikufanya hivyo. Nilijiambia kwamba hajaomba. Alikuwa anapika, anachota maji, ananyamaza. Nami nikimtazama nasema moyoni, kama asingeridhika angesema. Mnaona, waheshimiwa? Nilikuwa nimelielewa fundisho la bwana yule vizuri kuliko nilivyodhani. Ni fundisho linalomfaa sana aliye na nyumba, na ukilitumia kwa uangalifu utalala usingizi mzuri kabisa.

Akaja Bwana Mkubwa huyu wa sasa. Kabla ya kufanya lolote alikaa akasoma mashauri ya zamani, moja baada ya jingine, jambo ambalo, naambiwa, lilimshangaza hata mlinzi wa mlango. Akafika kwenye shauri letu. Akamwita Mwalimu.

Akamwambia, "Hukumu hii sababu zake zinasema mwanamke alikaa bila kukataa. Mwisho wake unasema amerudishwa. Asiyekataa kukaa harudishwi."

"Ndivyo, Bwana."

"Kwa nini hukusahihisha?"

"Nilikuwa nimekwisha kusahihisha," akasema Mwalimu.

Tukaitwa, mimi na Kijakazi. Nilikuja nimejitayarisha na maneno ya baba yangu yote, kuhusu dari na kisima. Sikuulizwa. Bwana Mkubwa alimgeukia Kijakazi, akamwuliza, "Unataka kukaa wapi?"

Kijakazi akasema, "Sema tena, Bwana."

Bwana akasema tena, polepole.

"Kanga," akasema Kijakazi.

Karatasi yake ya uhuru iliandikwa palepale, na Mwalimu hakuuliza swali hata moja. Mimi niliulizwa kama nina la kusema. Huo ulikuwa wakati wa kusema habari za Kisimani. Nikasema sina.

Waheshimiwa, nimesikia watu wakisema leo kwamba Mwalimu Mfaume alikuwa mpinzani wa serikali. Si kweli, na Bwana Mkubwa asije akaondoka na fikira hiyo. Mwalimu ametumikia serikali miaka ishirini na miwili, na hakuna barua iliyochelewa mkononi mwake. Alichokataa ni kuandika kwamba watu wamependa kile walichofanyiwa. Mtawala akiamrisha, aliandika ameamrisha. Mtu akirudishwa, aliandika amerudishwa. Alituachia sisi wote nafasi ya kuwa na serikali bila ya kuongopa jinsi tulivyoipata. Kama siku moja watu wa kisiwa hiki watafanya mkataba wa kweli na wanaowatawala, wa kuulizwa na kujibu, wa kukubali na kukataa, basi natumaini atapatikana mwandishi wa namna hii, maana kazi itakuwa kubwa. Hata sasa, Bwana Mkubwa, sikuulizi kama siku hiyo ni karibu. Leo kuna wageni.

Wenye mashamba tumemshonea Mwalimu kanzu na joho, na Sheikh Kadhi atamkabidhi baada yangu. Mabibi wa Kanga wanasema nyumba aliyotengenezewa imeezekwa vizuri, na Mzee Shaabani anasema barabara ya kufikia huko inapitika, kwa kweli.

Mwalimu wangu, kilichobaki ni ushahidi. Mwaka ule niliapishwa nikasema uongo, na maneno yangu yamo katika karatasi za boma kwa mkono wako. Naomba, kabla hujaondoka kesho, uyaongezee mstari mmoja, mbele ya Bwana Mkubwa na Kadhi, nami nitatia sahihi: Mbarouk bin Ghalib alimsikia. Alimsikia wazi, mahali pa kimya, wala hakuhitaji kuambiwa mara mbili.

Na wewe, Bi Kijakazi. Watu wameanza kukutazama, wakingoja nikuombe radhi. Sitakuomba hapa. Mbele ya Bwana Mkubwa, mbele ya Kadhi na majumbe na pilau limekwisha kuiva, ni nani angethubutu kuniambia hapana? Ungesema nimekusamehe kwa ajili ya watu, na watu wangeshangilia, na mimi ningerudi nyumbani na kibali kingine cha namna ile ile tuliyoizoea kwetu. Nitakuja Kanga, Ijumaa baada ya sala, peke yangu, kwa miguu. Nitapiga hodi mara tatu. Nyumba ni yako na mlango ni wako. Ukinyamaza, sitasema umenikaribisha. Nitageuka, nirudi nilikotoka, na Ijumaa nyingine sitakuja kukusumbua ila uniite.

Mwalimu Mfaume, nenda kwa salama, Mungu akupe afya na akupunguzie wenye kutaka kuandikiwa. Nanyi nyote, nashukuru kwa masikio yenu na subira yenu. Wassalamu alaikum.